Dhahabu, na Ile Iitwayo Dhahabu Nyeupe



Mwaka uliopita bibi mmoja wa mtaani kwetu alinijia jioni akiwa na pete aliyoifunga katika pindo la leso, na uso wake umesawijika. Pete hiyo alivishwa siku ya harusi yake. Ilikuwa nyeupe, yang'aa mithili ya kioo, na mumewe aliyeinunua aliambiwa dukani kwamba ni dhahabu nyeupe ya karati 18. Ilipokwisha kupita miaka mitatu, upande wa chini wa pete, pale panaposuguana na sufuria na mpini wa mwiko, ulianza kutoa rangi ya manjano hafifu kama ya majani makavu, naye akayakinika moyoni kwamba mumewe alipunjwa, na kwamba alichokivaa siku zote ni shaba iliyopakwa rangi. Hazikupita wiki nyingi akaja kijana, mwana wa rafiki yangu, aliyekuwa katika maandalizi ya kuoa, akaniuliza kama yamfalia mwanamume Mwislamu kuvaa pete ya dhahabu nyeupe, maadamu si ile ya manjano ijulikanayo na wote. Nikaona kwamba maswali haya mawili chimbuko lake ni moja: tumeishi na dhahabu karne nyingi, tumeinunua, tumeirithi, tumewavisha binti zetu, walakini wengi wetu twaijua kwa macho tu; na macho, katika jambo la dhahabu, ni shahidi dhaifu.

Wazee wetu hawakumtegemea shahidi huyo. Dhahabu iliyochimbwa katika nyanda za juu za nchi ambayo leo ni Zimbabwe ilishuka hadi bandari ya Sofala, na kutoka Sofala ikapandishwa kwa majahazi hadi Kilwa, ambako masultani walitoza ushuru wao, na kwa utajiri huo wakajenga kasri la Husuni Kubwa na kuupanua msikiti wao mkuu. Na Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, hakuacha kutaja katika habari za safari yake dhahabu ya unga iliyokuwa ikifikishwa Sofala. Mwaka 1502 Vasco da Gama alikuja na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha Amiri Ibrahim wa Kilwa kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno, na dhahabu ya mithkali 1,500 ikavuka bahari hadi Lisbon, ambako mfalme Manuel aliamuru ifuliwe kuwa chombo cha ibada cha kanisa. Chombo hicho kilikamilika mwaka 1506, na kingali katika makumbusho ya sanaa ya kale mjini humo hata leo, na dhahabu yake haikufifia. Mimi kila nikikumbuka habari hii moyo huniuma, kwa kuwa watu wengi hukitazama chombo kile wasijue kwamba mali yake ilitoka katika mizani ya Waswahili. Lakini liangalieni neno lile, mithkali: kodi ilihesabiwa kwa uzito, wala hapana mfanyabiashara wa Kilwa ambaye angekubali kupokea dhahabu kwa sababu tu imemng'aria machoni.

Na uzito ndio sifa ya kwanza ya dhahabu. Chukua chombo kinachojaa kwa lita moja ya maji, ambayo ni kilo moja. Ukikijaza risasi, utapata kilo 11 na ushei. Ukikijaza fedha, kilo 10 na nusu. Ukikijaza dhahabu safi, utapata kilo 19 na gramu 300, hata mtu asiyejua atadhani kwamba chombo kimegandamana na meza. Mwanachuoni Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa Khwarizm mwaka 973, alitengeneza chombo chenye mlizamu mwembamba ubavuni, akakijaza maji hadi ukingoni, akatumbukiza ndani yake kipande cha madini alichokwisha kukipima, akayakinga maji yaliyomwagika na kuyapima nayo. Na kwa njia hiyo akapata nisba za uzito wa dhahabu, zebaki, risasi, shaba na vito mbalimbali, ambazo hazikupishana sana na zile zinazopatikana leo katika maabara. Nawasihi vijana wanaosoma sayansi wasome habari za mtu huyu. Alifahamu kwamba rangi yaweza kughushiwa na mng'ao waweza kughushiwa, ilhali uzito ulio ndani ya ujazo ni vigumu mno kuughushi, kwa kuwa madini machache sana yana uzito wa kulingana na dhahabu, na mengine kati ya hayo ni adimu kuliko dhahabu yenyewe.

Sifa ya pili ni ulaini wake na utiifu wake mbele ya nyundo. Gramu moja tu, yaani kipande kisichozidi punje ya mtama, yaweza kufuliwa ikawa karatasi ya kutanda mita moja ya mraba, nyembamba hata ukiinyanyua mbele ya taa utaona mwanga ukipenya, nao umegeuka rangi ya kijani. Haya si maarifa ya juzi, wala si ya mabara mengine peke yake. Juu ya kilima cha Mapungubwe, kaskazini mwa Afrika Kusini, palipatikana katika miaka ya 1930 kifaru mdogo wa dhahabu aliyezikwa pamoja na mtu mkubwa wa ufalme uliostawi hapo katika karne ya 13: mafundi walichonga umbo la mti, wakalivisha mabati membamba ya dhahabu, wakayapigilia kwa misumari midogo ya dhahabu hiyo hiyo, na mti ulipooza ukawa vumbi, dhahabu ilibaki imelishika umbo la mnyama, mabega yake yameinama mbele kama ya kifaru anayejitayarisha kushambulia.

Amma sifa ya tatu, ambayo kwayo watu wameipenda kuliko zote, ni kwamba dhahabu haishiki kutu. Maji ya bahari hayailii, jasho haliilii, wala tindikali zilizo kali, zikiwa kila moja peke yake, haziwezi kuiyeyusha. Changanya hata hivyo tindikali ya nitriki sehemu moja na ile ya hidrokloriki sehemu tatu, upate yale yaitwayo maji ya kifalme, na hapo dhahabu itayeyuka kama sukari katika chai. Mwezi wa Aprili 1940, majeshi ya Ujerumani yalipoingia Copenhagen, katika taasisi ya mwanafizikia Niels Bohr zilikuwamo medali mbili za Nobel zilizowekwa hapo kwa amana na wanasayansi wa Kijerumani, Max von Laue na James Franck, zenye majina yao yamechongwa juu yake. Na kuitoa dhahabu nje ya Ujerumani lilikuwa kosa la kumwangamiza mtu. Mkemia George de Hevesy aliziyeyusha zote mbili katika maji ya kifalme, akaiacha chupa juu ya rafu kati ya chupa nyingine, na askari waliopekua nyumba ile hawakuona ila maji ya rangi. Vita vilipokwisha, chupa ilikuwa pale pale. Dhahabu ikatolewa majini, ikapelekwa Sweden, ikafuliwa upya kuwa medali, na wenyewe wakarudishiwa. Rangi ilikwisha, umbo lilikwisha, lakini hapana hata chembe ya dhahabu iliyoacha kuwa dhahabu.

Viko vitu vingine viwili ambavyo dhahabu huvikubali, navyo ni sianidi, itumikayo katika migodi mikubwa, na zebaki, ambayo wachimbaji wadogo wa Geita, wa Chunya na wa Migori huikoroga kwa mikono mitupu ndani ya karai lenye mchanga uliosagwa. Zebaki huinyonya dhahabu, vikawa donge moja la kijivu. Kisha donge hilo huchomwa motoni, aghalabu uani mwa nyumba na watoto wakitazama, zebaki ikaruka kuwa mvuke na dhahabu ikabaki. Mvuke ule hauna rangi wala harufu, nao huharibu mishipa ya fahamu na figo, hulifanya tumbo la mama mjamzito kuwa mahali pa hatari kwa mtoto aliyemo, na ukishatua mitoni hugeuka kuwa sumu iingiayo katika samaki. Kipo chombo kidogo cha chuma, kifunikwacho juu ya donge na chenye bomba la kuupoza mvuke, ambacho huirudisha zebaki karibu yote, na gharama yake si kubwa. Nami sioni udhuru wa mnunuzi wa dhahabu yoyote, tajiri aliye mjini, kushindwa kuwapatia vyombo hivyo watu wanaomchimbia mali yake.

Tuingie sasa katika rangi, ambako ndiko lilikozaliwa swali letu. Takriban madini yote yana rangi ya weupe au ukijivu; dhahabu na shaba ni kati ya machache yaliyojitenga. Kwa nini? Katika kila atomu ya dhahabu mna elektroni 79 zinazozunguka kiini, na kiini hicho kina nguvu kubwa ya kuvuta, hata zile elektroni zilizo karibu nacho hukimbia kwa mwendo unaozidi nusu ya mwendo wa nuru. Katika mwendo wa namna hiyo hesabu za kawaida hazitoshi tena, bali huhitajika zile alizozifumbua Albert Einstein mwaka 1905. Na wataalamu walipozitumia waliona kwamba ngazi za elektroni za dhahabu zimesogea kutoka mahali pake, hata ikawa madini haya huimeza nuru ya buluu na kuirudisha iliyobaki, ambayo machoni petu ni manjano. Lau si jambo hilo, dhahabu ingalikuwa nyeupe kama fedha tangu kuumbwa kwake. Yaani ule umanjano tuuonao kuwa ndiyo dhati ya dhahabu ni matokeo ya mwendo tu, tena hugeuka upesi: ikifuliwa bati jembamba, nuru ipitayo ndani yake ni ya kijani, ikisagwa ikawa chembe ndogo mno zieleazo majini, huwa nyekundu kama maji ya rosela, na ikichanganywa na madini mengine, huweza kuwa waridi, kijani hafifu, au nyeupe.

Kuchanganywa hakuna budi, kwa sababu ule ulaini niliousifu ni adui wa sonara: pete ya dhahabu tupu hupinda kidoleni, na makucha yake hayawezi kukishika kito. Ndipo dhahabu ikatiwa shaba na fedha ili ipate ugumu, na kiasi cha dhahabu iliyomo kikahesabiwa kwa karati, neno litokalo katika kirati cha Waarabu, ambao nao waliliazima kutoka kwa Wayunani waliopima kwa mbegu za mkharubu. Dhahabu safi ni karati 24. Karati 22, ipendwayo na watu wetu wa pwani na ndugu zetu wa Omani na Bara Hindi, ni sehemu 916 katika 1,000. Karati 18 ni sehemu 750. Karati 9 ni sehemu 375, maana yake kitu hicho zaidi ya nusu yake si dhahabu. Nambari hizi hugongwa ndani ya pete au penye kifungo cha mkufu, na mwenye kununua na asione haya kuomba miwani ya kukuzia azisome. Kwa Mwislamu hesabu hii ni ya dini pia, kwa kuwa nisabu ya zaka ni mithkali 20, ambazo wanavyuoni wa zama hizi aghalabu huzikadiria kuwa gramu 85 za dhahabu safi: aliyeweka akiba ya gramu 100 za karati 18 ana dhahabu gramu 75 tu, hajafika, na aliyeweka gramu hizo hizo 100 za karati 22 ana gramu 91 na ushei, amekwisha kufika na kupita.

Basi dhahabu nyeupe ni nini? Jina lenyewe ni la kale. Mwanahistoria Herodotus alipoandika habari za sadaka ambazo Croesus, mfalme wa Lydia, alizipeleka Delphi, alitofautisha matofali machache ya dhahabu iliyosafishwa na mengi ya dhahabu nyeupe, akikusudia ile dhahabu itokayo ardhini ikiwa imeingiliana na fedha nyingi. Na huku kwetu, mkulima wa Usukuma akisikia dhahabu nyeupe aweza kudhani mwazungumza habari za pamba yake, kwani ndilo jina la sifa alilopewa zao hilo. Lakini ile ya masonara wa leo ilizaliwa Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20, nao mji wa Pforzheim huko Ujerumani, ulio mji wa mafundi wa mapambo, ulikuwa na sehemu kubwa katika kuitengeneza. Matajiri wa siku zile walipenda almasi zao zishikwe na platinamu, ambayo ni nyeupe kwa asili. Platinamu ikapanda bei, kisha vikaja Vita Vikuu vya Kwanza, ikahitajika katika viwanda vya kutengenezea tindikali ya baruti, na Urusi iliyokuwa ikiitoa kwa wingi ikaingia katika mapinduzi. Masonara wakahitaji kibadala, wakaigeukia dhahabu na kuitafutia dawa ya kuufuta umanjano wake.

Dawa zilipatikana mbili. Moja ni paladiamu, madini aliyoyagundua Mwingereza William Hyde Wollaston mwaka 1802, nayo sehemu 10 hadi 15 tu katika mia zatosha kuipausha dhahabu, ikawa laini ya kufulika na isiyodhuru ngozi. Aibu yake ni ughali. Ya pili ni nikeli, ambayo ni rahisi na hutoa mchanganyiko mgumu, lakini baadhi ya watu, wanawake hasa, ikigusana na ngozi yao yenye jasho huwatoa vipele na mwasho, na kwa sababu hiyo nchi za Ulaya ziliwekea mipaka nikeli katika mapambo tangu mwaka 1994. Mwenye masikio yanayovimba kila avaapo herini nyeupe asilaumu hasadi ya jirani. Na amuulize sonara kama ndani yake mna nikeli.

Hata hivyo hakuna kati ya dawa hizi inayoleta weupe kamili. Dhahabu nyeupe ikitoka kwenye kalibu huwa na rangi ya kijivu cha joto chenye dalili ya manjano, ambayo mimi binafsi naiona nzuri. Lakini wanunuzi wamezoezwa kutaka weupe wa kioo, kwa hiyo fundi huichovya pete katika maji yenye rodiamu na kupitisha umeme, ikavikwa ngozi ya rodiamu nyembamba kuliko unywele mara mia. Rodiamu ni ngumu, ni nyeupe mno, nayo ni adimu kuliko dhahabu. Lakini ngozi ni ngozi. Itasuguliwa, itaondoka, na kilicho chini yake kitaonekana. Bibi yule hakupunjwa. Kilichotokeza kidoleni mwake ndiyo dhahabu yenyewe, na kosa la dukani lilikuwa kunyamaza, kwani muuzaji alijua kwamba pete itahitaji kuchovywa upya baada ya miaka michache, asiseme. Kunyamaza huku nakuhesabu kuwa aina ya kughushi.

Na kijana wangu aliyeuliza habari ya kuvaa, jibu lake limo katika mizani. Pete ya karati 18, iwe nyeupe, iwe ya manjano, ina robo tatu za dhahabu. Hukumu hufuata dhati ya kitu, haifuati rangi yake, na ndivyo wanavyuoni walioulizwa suala hili walivyojibu, kwamba kilichoharimishwa kwa wanaume katika dhahabu ya manjano kimeharimishwa katika nyeupe, isipokuwa pete ya fedha au ya platinamu tupu haimo katika katazo hilo. Aliponisikia alicheka kwa haya, akaenda kununua pete ya fedha yenye akiki.

Zimebaki kazi za dhahabu zisizo za pambo, na moja ningependa tuitazame kwa makini, kwa sababu imekwisha kuwagusa karibu nyote mlioketi hapa bila ninyi kujua. Mama anapompeleka mtoto mwenye homa zahanati, mhudumu humtoboa kidole, huliweka tone la damu juu ya kile kipimo cha plastiki, hulitia matone ya dawa, kisha wote hungojea mstari utokeze. Mstari ule mwekundu aghalabu ni dhahabu: ni chembe zake ndogo zisizoonekana, zilizofungamanishwa na kinga za mwili zinazoishika protini ya mdudu wa malaria, nazo zikikusanyika mahali pamoja hutoa ule wekundu nilioutaja. Imechaguliwa kwa kuwa haiharibiki katika joto la stoo ya kijijini na kwa kuwa rangi yake haififii. Kadhalika ndani ya simu mlizozizima kwa ajili ya mhadhara huu mna dhahabu penye maungio ya umeme. Fedha na shaba hupitisha umeme vizuri zaidi, lakini huvaa kutu, na kutu penye kiungo chembamba ni kifo cha chombo. Nayo darubini ya James Webb, iliyorushwa angani mwezi wa Desemba 2021, ina vioo 18 vilivyopakwa dhahabu, ambayo yote kwa pamoja haifiki gramu 50, uzito wa bangili moja ya harusi. Na kwa vioo hivyo wataalamu hupokea nuru ya joto iliyosafiri tangu zama za nyota za mwanzo.

Yule bibi nilifuatana naye hadi kwa sonara mzee, ambaye aliisugua pete yake juu ya jiwe jeusi la kupimia, akachora kando yake mchoro wa kipande alichokijua kuwa cha karati 18, akadondosha tindikali juu ya yote miwili, tukainama sote watatu kutazama. Michoro ilibaki sawasawa. Sonara akamwambia kwamba kuichovya upya katika rodiamu ni kazi ya siku moja, akataja na ujira wake. Bibi akaigeuza pete kiganjani, akauliza kama yaweza kung'arishwa tu ile ngozi ya juu iliyobaki itoke yote, ili rangi iwe moja. Na sasa anaivaa hivyo, kijivu chenye umanjano kidogo, na akiosha vyombo haivui.